Spoki Thelathini na Sita

Kati ya Muhokya na Bwera, gurudumu la baiskeli ndilo linaloamua kama mzigo utafika. Kwa mwenye pesa kidogo, lipi ni imara, lipi ni jepesi, na shilingi ya kwanza aiweke wapi?

Spoki ikikatika hulia mara moja tu, mlio mkavu, kama msumari uliodondoka kwenye sahani ya bati. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akitoka mwalo wa Kahendero, ufukweni mwa Ziwa George, aliusikia kabla hajaifikia lami ya Muhokya. Alishuka, akashika keria kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, akainama kutazama gurudumu la nyuma. Kapu la ngege, ndivyo sato anavyoitwa huku, lilikuwa limelalia upande.

Haikuwa spoki ya kwanza. Mbili zilikuwa zimekatika siku za nyuma, naye alikuwa amezisokota kwenye jirani zake ili zisikwame kwenye fremu. Ya tatu ndiyo iliyolivuta gurudumu kando, ringi ikawa inasugua breki kila mzunguko. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Jua lilikwisha kuchoma, na samaki hawasubiri fundi.

Fundi alikuwa karibu, chini ya mti kando ya barabara, na bati lake la spana na kopo la grisi. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani, akazungusha gurudumu, akalitazama likiyumba. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchomeka spoki tatu na kumwacha mwenye samaki aende zake. Hiyo ni rahisi, lakini ndani ya wiki moja atarudi. Ya pili ni kulifumua gurudumu lote na kulisuka upya, na hiyo ilizidi pesa zilizokuwa mfukoni.

Mchuuzi alichagua ya kwanza. Wengi huchagua hivyo, na ndiyo sababu nilikaa pale siku nzima.

Njia za samaki, chumvi na kahawa

Muhokya imekaa mahali ambapo mlima unaishia na tambarare inaanza. Magharibi ni vilima vya Rwenzori, ambavyo juu kabisa vina kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mashariki ni nyika inayoshuka hadi Ziwa George. Barabara kuu inatoka Kasese, inapita hapa, inavuka mstari wa ikweta karibu na Kikorongo, na papo hapo Kikorongo inachipua barabara nyingine ya kilometa 38 hivi kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo.

Lami ni njia moja tu. Zilizobaki ni za udongo na mawe, zikipanda Kyarumba, Kisinga na Kyondo kwenye mashamba ya kahawa, au zikishuka kwenye mialo ya samaki. Humo pikipiki zinapita, lakini petroli ina bei yake kila asubuhi. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli, pale Busia katika miaka ya 1960, wakati vijana walipobeba abiria kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Leo abiria wamehamia kwenye pikipiki. Mzigo wa mtu asiye na pesa ya petroli umebaki kwenye baiskeli, ambayo Waganda huiita gaali na Wakongo wanaovuka Mpondwe, kwa Kiswahili chao, huiita kinga.

Muhokya ndipo pia zilipowekwa kambini familia zilizong'olewa na mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020. Mtu aliyeanza maisha upya na mikono mitupu, akipata baiskeli amepata mtaji. Gurudumu likivunjika, mtaji umesimama.

Baiskeli nyeusi na baiskeli ya mlima

Ukikaa saa moja kando ya barabara utaona aina mbili zikipita. Ya kwanza ni ile nyeusi ya zamani, ndefu, ya kutoka India au China, yenye breki za fimbo za chuma. Magurudumu yake ni ya inchi 28, ringi ni za chuma, na kwa kawaida la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40. Waliopanga hivyo walijua wanachofanya: uzito wa mzigo huangukia nyuma.

Ya pili ni baiskeli ya mlima, ya inchi 26, yenye gia na tairi pana. Nyingine ni mpya za bei ya chini. Nyingine ni mitumba iliyotoka Ulaya au Japani, imepita bandarini, ikapanda hadi Kampala na mwishowe ikafika Kasese. Vijana wanaipenda, na wana haki. Inachukua kona vizuri, tairi zake zinameza mawe, na kwenye mwinuko mtu anashusha gia badala ya kushuka mwenyewe.

Wengi hudhani kwamba magurudumu ya aina hizi mbili yanaweza kubadilishana. Hayawezi. Angalia ubavuni mwa tairi, utakuta tarakimu tatu zinazoonyesha kipenyo kwa milimita mahali tairi inapokalia ringi. Baiskeli nyeusi ni 635. Baiskeli ya mlima ya inchi 26 ni 559. Ipo hata inchi 26 nyingine, ya tairi nyembamba, ambayo ni 590, na tairi ya 559 haikai humo hata ukiipaka sabuni. Nimeona mtu amenunua ringi kwa kusoma "26" tu, akarudi nyumbani na kitu kisichomfaa.

Tena breki ya fimbo hukamata ringi kwa ndani, upande wa spoki, wakati breki ya waya ya baiskeli ya mlima hukamata ubavu. Kwa hiyo mwenye baiskeli nyeusi anayetamani ringi nyepesi ya alumini atazunguka maduka mengi bure. Huyo ni afadhali alitunze gurudumu alilonalo, na yanayofuata kuhusu spoki yanamhusu sawasawa. Uchaguzi wa ringi ni wa mwenye baiskeli ya mlima.

Chuma au alumini

Hapa ndipo ubishi ulipo, na nilikuta kila upande una hoja.

Wanaoshika chuma, wengi wao mafundi wenye umri na wabeba mizigo, hutetea kitu kimoja: chuma husamehe. Ringi ikigonga jiwe ikabonyea, fundi huiweka juu ya gogo, akaigonga kwa nyundo ikarudi. Alumini ikibonyea sana haitaki nyundo, hupasuka. Chuma pia hupatikana kila kijiji na bei yake ni ndogo.

Wanaoshika alumini hujibu kwa mvua, na mimi nasimama nao. Breki ya mpira kwenye ringi ya chuma iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Unabana, na baiskeli inaendelea kwenda. Alumini iliyolowa nayo hupunguza mshiko, lakini baada ya mzunguko mmoja au miwili mpira umekwisha kufuta maji na breki inashika. Kwenye mteremko wa kutoka Kyarumba, na mkungu wa ndizi nyuma, tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka huwakuta watu njiani hivyo hivyo.

> "Alumini hununuliwa kwa ajili ya breki. Wepesi ni nyongeza."

Lakini alumini nayo si moja. Ziko ringi za ukuta mmoja, laini, ambazo kweli hupinda kwa shimo la kwanza, na hizo ndizo zilizowapa wazee sababu ya kuidharau alumini yote. Ziko za kuta mbili, ambazo ndani yake zina uwazi kama bomba bapa. Kuzitambua ni rahisi. Toa tairi na utepe wa mpira, utazame matundu ya spoki. Kama vichwa vya nipeli, zile nati ndogo za kukazia spoki, vimekaa pale pale juu ya sakafu, ni ukuta mmoja. Kama vimezama chini ndani ya tundu, ni kuta mbili.

Na kama una shaka ni alumini au ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha, beba sumaku ya spika iliyokufa. Chuma kitaivuta. Alumini haitaivuta.

Kilo moja ina thamani gani?

Ringi ya chuma ya inchi 26 huwa na uzito wa karibu kilo moja. Ya alumini yenye kuta mbili huwa nusu kilo na kidogo. Ukibadilisha mbele na nyuma, umeokoa karibu kilo nzima.

Nilianza kazi hii nikiamini kwamba kilo hiyo ni kubwa kwa kila mtu. Hesabu imenirekebisha. Chukua mbeba mizigo: yeye kilo 60, baiskeli 20, ndizi 80. Jumla ni 160. Kilo moja ndani ya hizo haifiki hata sehemu moja ya mia. Mtu huyo akiacha nyumbani mkungu mdogo mmoja amepunguza zaidi. Kumwambia atumie pesa zake kutafuta wepesi ni kumdanganya. Yeye anahitaji gurudumu lisilovunjika na breki inayoshika.

Habari ni nyingine kwa mwanafunzi anayepanda kwenda shule bila mzigo, au mhudumu wa afya wa kijiji anayezunguka nyumba hadi nyumba, au kijana anayeshindana na wenzake Jumapili. Kwao baiskeli ndiyo mzigo. Isitoshe, uzito ulioko ukingoni mwa gurudumu una tabia yake: kila unapoondoka kutoka kusimama, unausukuma mbele na papo hapo unauzungusha, kwa hiyo nguvu inayotakiwa kuuharakisha ni karibu mara mbili ya ile ambayo uzito ule ule ungehitaji kama ungekaa kwenye fremu. Njia ya mawe ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Miguu huhisi. Na penye ngazi za mawe mtu huibeba baiskeli begani. Bega nalo huhisi.

Waanzilishi wa mchezo huu wa baiskeli za mlima walijifunza hayo kwa jasho. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu nzito za ringi za chuma na breki ya nyuma iliyomo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Njia yao moja iliitwa Repack, kwa sababu baada ya kuteremka mara moja grisi ya habu ilikuwa imeungua na ilibidi habu ijazwe upya. Ringi pana za alumini za inchi 26 zilipopatikana mwishoni mwa miaka hiyo, baiskeli zao zikapungua uzito na breki zikashika. Walikuwa na baiskeli za kuokota na kilima kikali, kama vijana wa Kasese.

Kinachobeba mzigo

Ringi ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayosifiwa. Kazi kubwa, hata hivyo, inafanywa na spoki, na spoki hazifanyi kazi kama nguzo za nyumba. Zimevutwa, zote kwa pamoja, kama kamba za hema. Gurudumu linapogusa ardhi, spoki chache zilizo chini hulegea kidogo, kisha zikipanda hukazwa tena. Gurudumu la inchi 26 huzunguka karibu mara 480 katika kila kilometa. Safari ya kilometa 40 ni zaidi ya mara 19,000, na kila mara kila spoki imelegea na kukazwa.

Spoki iliyokazwa vya kutosha hulegea kidogo tu na kubaki imevutwa. Iliyolegea tangu mwanzo hufika mahali ikawa tupu kabisa, kisha inashtuliwa. Inapinda na kunyooka, inapinda na kunyooka, kama waya unaotaka kuukata kwa vidole. Ndiyo maana spoki nyingi hukatikia kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu. Mchuuzi wa Kahendero alilaumu kapu la samaki. Lakini kapu lile lile lingeweza kubebwa miaka na spoki zile zile kama zingekazwa sawasawa.

> "Spoki haivunjwi na mzigo peke yake. Inavunjwa na kulegea."

Fundi mzuri hupima kwa sikio. Hugonga spoki moja moja kwa ukucha na kusikiliza kama mpiga endara, ile marimba ya Wakonzo wa Rwenzori, anavyosikiliza kipande cha mti kilichopoteza sauti yake. Za upande mmoja wa gurudumu zinapaswa kutoa sauti moja. Ikitokea moja inanguruma kati ya zinazolia, hiyo ndiyo itakayokatisha jirani yake.

Gurudumu la nyuma lenye gia lina ugumu zaidi. Friwili ya gia nyingi inachukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoki za upande huo husimama wima na hukazwa sana, na za kushoto hubaki zimelegea. Kadiri gia zinavyoongezeka, ndivyo gurudumu linavyodhoofika. Ekseli nayo, kwenye habu za kawaida za kufunga friwili kwa nyuzi, hubaki ndefu bila kushikiliwa upande wa kulia na hupinda. Kwa anayebeba mizigo tambarare kati ya Muhokya na Kikorongo, ningemshauri atoe gia hizo, afunge friwili ya gia moja, fundi alirudishe gurudumu katikati. Anayepanda Kyondo abaki na gia zake, ila akague spoki za kushoto kila mwezi.

Chumvi inastahili kutajwa, japo kwa ufupi. Anayebeba chumvi ya Ziwa Katwe aoshe magurudumu kwa maji safi na apake tone la mafuta kwenye kila nipeli. Kutu ikishika pale, nipeli haizunguki tena na fundi hana la kufanya ila kukata.

Jipya la dukani

Nina kisa changu. Miaka michache iliyopita nilinunua gurudumu jipya la nyuma, linang'aa, la alumini, katika duka moja ambalo sitalitaja. Nililifunga siku ile ile. Wiki ya pili, kwenye mteremko wa mawe, spoki mbili zilikatika kwa pamoja, gurudumu likajipinda na kubana fremu, nami nikaanguka. Bega liliuma miezi miwili. Sikujua wakati ule kwamba magurudumu mengi ya bei nafuu husukwa na mashine, yakatoka na spoki zilizokazwa nusu nusu. Ringi haikuwa na kosa. Laiti ningelipeleka kwanza kwa fundi, akalikaza na kulinyoosha kabla halijagusa njia, lingedumu.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya nibishane na wanaosema dawa ni kununua ghali zaidi. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika Afrika, na vijana wetu wakaona magurudumu ya nyuzi za kaboni yakipanda vilima vya Rwanda. Ni vitu vya ajabu, na vimetengenezwa kwa kazi nyingine. Hapa wa kutazamwa ni jirani aliye karibu zaidi: chukudu ya Goma, ile skuta ya mbao, ambayo hata magurudumu yake ni ya mbao, yamevikwa ukanda wa tairi kuukuu, na hubeba mamia ya kilo. Au zile baiskeli za Buffalo zinazotumika Zambia, Malawi na Kenya: zina uzito wa zaidi ya kilo 20, spoki zake ni nene kuliko za kawaida, na keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Waliozibuni waliacha wepesi makusudi.

Shilingi ya kwanza

Basi mwenye pesa kidogo aanzie wapi? Mimi ningeanza na habu aliyonayo. Habu nzuri ya zamani, ikifunguliwa, ikasafishwa kwa mafuta ya taa, ikawekewa gololi mpya na grisi safi, ni bora kuliko habu mpya ya bei ya chini. Gololi za nyuma kwa kawaida ni tisa kila upande, za robo inchi. Ni vitu vya bei ndogo kabisa, na watu huzipuuza mpaka koni zinakwaruzika.

Kisha ringi ya alumini ya kuta mbili, yenye matundu 36. Thelathini na mbili zinamtosha mwanafunzi mwepesi. Mbeba mizigo asikubali. Kama ni ya mtumba, apitishe ukucha ubavuni panapokamata breki. Pakiwa pameingia ndani kama kijiko, imeliwa. Atazame kila tundu la spoki kwa jua. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuikataa.

Spoki azinunue mpya, zote za kifurushi kimoja. Hapa watu hubana pesa mahali pasipobanika: huchanganya za zamani na mpya, nene na nyembamba, na sauti zao hazitalingana kamwe. Kwa gurudumu la nyuma la mizigo, spoki nene za milimita 2.3 zikipatikana zinafaa kuliko za milimita 2, mradi zinapita kwenye matundu ya habu.

Pesa inayobaki, hata kama imebidi kungoja mwezi mwingine kuipata, aimpe fundi. Ampe pia muda: nusu siku, bila kusimama nyuma yake akimharakisha. Na baada ya wiki moja ya kutembea arudi, maana spoki mpya hujikalia na baadhi hulegea. Mafundi wengi hawadai chochote kwa marudio hayo. Wateja ndio hawarudi.

Jioni, Muhokya

Mchuuzi wa samaki alirudi saa kumi na moja, kapu tupu. Spoki tatu zilizochomekwa asubuhi zilikuwa zimemfikisha na kumrudisha. Hakusema mengi. Alihesabu noti zake juu ya tandiko, akagawa za nyumbani, akagawa za kununulia samaki wa kesho, zilizobaki akamkabidhi fundi kama malipo ya kwanza.

Fundi akafungua nati za ekseli, akalitoa gurudumu la nyuma, akamwazima jingine la kuendea Kahendero kesho alfajiri. Kisha akaketi juu ya gogo, gurudumu mapajani, akaanza kulegeza spoki moja moja kwa zamu, robo mzunguko kila nipeli. Za zamani zikawa zinaangukia kwenye bati. Nilizihesabu hadi ishirini na kitu, giza likaingia, akawasha tochi ya simu na kuishika kwa meno.